Jumatatu Nilizoahirisha

Nianze na uongo wangu, maana nikiuacha nyuma utaharibu mengine yote. Kwenye karatasi ya kujiandikisha, mahali palipouliza nimesoma hadi wapi, niliandika kwamba nina diploma ya serikali, ile ya kumaliza sekondari. Sina. Niliishia mwaka wa pili wa sekondari. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu waasi walipoingia Goma. Shule ilifungwa, waasi wakaondoka, shule ikafunguliwa, lakini gari la baba, ambalo ndilo lililokuwa likitulisha, halikuonekana tena, na mimi sikurudi darasani.

Yaliyofuata nilijifunza mwenyewe. Mtaani kwetu Birere, katikati ya viatu vya mitumba na chaja za simu, kulikuwa na mzee aliyetandaza vitabu vikuukuu juu ya turubai. Kwake nilipata kitabu cha hesabu kisicho na jalada, kilichoanzia ukurasa wa kumi na tatu. Nilikinakili chote kwa mkono, mstari kwa mstari, nikikosea herufi moja nachana karatasi naanza upya. Ndivyo nilivyojua ninachokijua. Lakini hadi leo mtu akizungumzia hesabu mbele yangu naogopa kwamba kwenye zile kurasa kumi na mbili zilizochanika kulikuwa na jambo ambalo kila mtu analijua isipokuwa mimi.

Vijana wa mtaa wetu walikuwa wameunda kikundi cha kusaidia watoto waliokimbia vita vya vijijini. Kila kijana alipewa mtoto mmoja wa kumfuatilia: amsaidie masomo, ajue anakoishi, ahakikishe anarudi shuleni. Hakuna malipo. Nilijiandikisha, na ningependa kusema ni kwa huruma. Huruma ilikuwepo. Ila zaidi nilitaka angalau mtu mmoja duniani anitazame kama mtu aliyesoma.

Nilipewa msichana wa miaka kumi na mmoja. Alikuwa mrefu, mikono yake ilitokeza nje ya sweta kama mtu aliyeazima nguo ya mdogo wake. Yeye na bibi yake walikuwa wamekimbia kutoka upande wa Rutshuru, wakapata chumba cha mbao mtaa wa Majengo, juu ya mawe meusi ya volkano ya zamani. Nyumbani walizungumza Kinyarwanda. Msichana alimwita bibi yake Nyogokuru, ndiyo bibi kwa lugha yao, na mimi aliniita yaya, kama tunavyomwita hapa dada mkubwa. Alikuwa amekosa shule miaka miwili, na bulteni zake, zile karatasi za alama ambazo bila hizo hakuna mkuu wa shule anayejua akuweke wapi, zilibaki ndani ya nyumba iliyoungua.

Shule ya karibu ilikuwa na mkuu mwanamke, mama direktrisi, mnene, mwenye sauti ya mtu anayeuza sokoni. Siku ya kwanza alitupokea huku anakula hindi la kuchoma.

"Bila bulteni nitamuweka mwaka wa pili," aliniambia. "Ama umufundishe, umulete Lundi yoyote, nimupime mwenyewe. Akiweza, anaingia mwaka wa ine. Akishindwa, wa pili."

Lundi ni Jumatatu, na mwaka wa ine ni wa nne. Nilimshukuru, tukatoka. Njiani, tulipofika penye bomba la maji, msichana alisimama.

"Mwaka wa pili ni batoto ba miaka saba," akasema. "Nikiikala kwa banki yabo, magoti yangu itagusa tablo." Banki ni dawati, tablo ni ubao.

"Hutakaa na batoto ba miaka saba."

"Shangazi wa Masisi amezaa. Nyogokuru amesema, kama kiangazi inaisha na sijaingia shule ya maana, naenda kule kulea mutoto."

Alilisema hilo bila huzuni, kama mtu anayekuelekeza njia. Mimi ndiye niliyekosa usingizi. Mtoto huyu alikuwa na mlango mmoja tu wa kupita, na ufunguo walikuwa wamemkabidhi mtu aliyedanganya kwenye karatasi.

Basi nikaanza kumfundisha, na nilimfundisha jinsi nilivyojifunza mimi. Wanaosoma kwetu wanajua: kwenye kaye, yaani daftari, maandishi ni ya biki ya bluu, vichwa ni vya biki nyekundu, pembezoni unapiga mstari wa rula, tarehe inakaa juu, na kichwa kinapigiwa mistari miwili chini. Kila mwalimu anadai hivyo. Ila mimi nilidai zaidi ya mwalimu yeyote. Mstari ukipinda, ukurasa unaandikwa upya. Doa la wino, upya. Jibu la hesabu likiwa sahihi lakini alama ya sawasawa imekaa juu kidogo ya mwenzake, upya. Kuna alasiri alinakili ukurasa mmoja mara tano. Alikuwa mvumilivu kuliko nilivyostahili. Alikuwa akitoa ulimi nje kidogo kwa upande wa kushoto, akivuta ule mstari mwekundu kwa taratibu ya mtu anayepitisha uzi kwenye tundu la sindano.

Na alikuwa anaweza. Hilo nilijua mapema, tena mapema mno. Wiki ya tatu alishajua kugawanya kwa tarakimu mbili. Alisoma Kifaransa cha kitabu cha mwaka wa nne akijikwaa kidogo tu, na kuuliza maswali ambayo yalinifanya nirudi nyumbani kufungua kamusi.

Ijumaa aliniuliza, "Yaya, ni hii Lundi?"

"Si hii. Tumalize kwanza hesabu za sehemu."

Ijumaa iliyofuata: "Yaya, ni hii Lundi?"

"Si hii. Mwandiko bado."

Halafu ikawa vipimo. Halafu ikawa jamhuri na mito yake. Halafu nikasema nina mafua, na kweli nilikuwa nayo, lakini mafua hayamzuii mtu kusindikiza mtoto hatua mia tano. Niliahirisha Jumatatu saba. Kila mara nilikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa nzuri. Nilichokuwa nakiogopa nilikuwa sijakitaja hata moyoni: kwamba mama direktrisi atamuuliza kitu kimoja cha kawaida, kitu cha kurasa zile kumi na mbili, mtoto atanyamaza, na mama yule atainua macho kutoka kwenye hindi lake aniangalie mimi.

Kwa Jumatatu ya nane nilikubali. Nilimwambia Ijumaa, na alikimbia kumwambia bibi yake mpaka akaangusha kopo la maharagwe mlangoni.

Jumamosi jioni mlima ulipasuka.

Sitaeleza sana jinsi mbingu ilivyokuwa. Aliyekuwa Goma anajua, na asiyekuwepo amesikia. Ilikuwa nyekundu. Watu walitoka nje, wakatazama juu ya Nyiragongo, volkano yetu, na bila mtu kutangaza kitu mji mzima ukaanza kutembea. Sisi wa Birere tuko karibu na mpaka wa Rwanda, tukashuka na magodoro kichwani pamoja na wengine wote. Mama alibeba sufuria na msala wake. Baba aliendelea kusema tusikimbie, tutembee, huku yeye mwenyewe anakimbia.

Na hapa kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Nikiwa katikati ya watu wale, nimebanwa na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukumia mizigo, iliyopakiwa mbuzi wawili na mzee mmoja, wazo la kwanza lililonijia lilikuwa hili: basi, Jumatatu haitakuwepo. Nikahisi wepesi kifuani. Wepesi kabisa, kama mwanafunzi aliyesikia mwalimu anaumwa. Mlima unateremsha moto juu ya watu, na mimi nimepumua. Nilipiga hatua kama ishirini hivi na ule wepesi wangu kabla sijakumbuka kwamba Majengo iko karibu na mlima kuliko kwetu, na kwamba yule mtoto alikuwa kule.

Simu ya bibi haikupatikana. Tulikaa upande wa pili wa mpaka hadi asubuhi, kisha tukasikia kwamba moto umesimama, umeteketeza vijiji kuanzia upande wa Munigi na kusimama karibu na mji. Nilimwambia mama naenda kutazama nyumba. Sikwenda nyumbani, nilipanda moja kwa moja Majengo. Ardhi ilikuwa inatikisika kila baada ya muda mfupi. Unatembea, unasimama, unashika ukuta, unakumbuka kwamba ukuta ndio wa kuogopwa, unauachia.

Niliwakuta nje ya chumba chao, wamekaa juu ya mfuko wa nguo. Bibi alikuwa akimenya kiazi kana kwamba ni Jumapili kama nyingine. Msichana aliponiona alisimama, akatoa kitu ndani ya sweta. Ilikuwa kaye, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni.

"Nimeandika upya ile ukurasa ya vipimo, yaya. Ile ya kwanza ilikuwa na doa."

"Umeandika saa ngapi?"

"Asubuhi hii. Ilikuwa inatikisika, ile mstari ya nyekundu haikukubali. Utanisamehe."

Nilipokea kaye nikaitazama, na niseme tu ukweli: macho yangu yalikwenda kwenye mstari mwekundu, nikaona umepinda. Kisha ndipo nikaona mengine.

Siku chache baadaye serikali iliamuru sehemu ya mji iondoke, kwa hofu kwamba moto ungetokea chini yetu. Tulikwenda Sake, sisi na nusu ya Goma, na wao walikwenda kwa jamaa waliobaki upande wa Rutshuru. Nilikaa Sake nikilala kwenye veranda ya watu, nikihesabu ni mada zipi atakuwa amezisahau. Niliandaa hata ratiba ya marudio, kwa rangi mbili. Mama aliiona akanitazama tu. Mama yangu ni mtu wa maneno mengi, kwa hiyo alipotazama tu nilijua hali yangu si nzuri.

Tuliporudi, mji ulikuwa na nyufa lakini ulikuwa mji. Sauti za pikipiki za moto-teksi zilirudi, wauza samaki wa chumvi, makayabu, walirudi, shule zikafunguliwa. Nilipanda Majengo na ratiba yangu mkononi. Bibi na mjukuu walikuwa wamerudi siku mbili kabla yangu. Shangazi wa Masisi alikuwa amepiga simu: ndugu wa mume wake angepita na gari la mkaa mwisho wa juma, na angemchukua msichana.

Nilisema, "Nyogokuru, nipe wiki mbili tu. Amesahau mambo mengine. Nikimpeleka hivi atashindwa."

Bibi alikuwa akichambua maharagwe kwenye ungo. Hakuacha kuchambua.

"Amesahau nini?"

"Mwandiko umelegea. Na kuna mada moja hatujaimaliza."

"Mama," aliniambia, mimi ambaye ningeweza kuwa mjukuu wake, "wewe unatengeneza mutoto ama unatengeneza kaye?"

Msichana alikuwa ameinamia ungo, mabega yanamtikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka.

"Usicheke, we murefu bule," bibi akamwambia. "Kesho unavaa viatu. Yaya yako anakupeleka. Kama hataki, nakupeleka mie, na mie Kifaransa najua *bonjour* peke yake. Nitamusalimia direktrisi mpaka achoke akupokee."

Kesho yake haikuwa hata Jumatatu, ilikuwa Jumatano. Njiani nilimkumbusha mambo mengi sana: tarehe, pembezoni, asibonyeze biki sana, apulize wino kabla ya kugeuza. Alijibu "ndiyo, yaya" kwa kila kitu. Nilikuwa nimemwekea biki nne mfukoni, bluu mbili na nyekundu mbili, na rula mpya.

Mama direktrisi alitukumbuka. "Nilifikiri volkano imewakula," akasema. "Nimengoja Lundi ngapi?"

Nilianza kueleza. Hakungoja. Alitupeleka kwenye darasa lililokuwa tupu, akachukua chaki, akaandika mafumbo kumi ya hesabu upande wa kushoto wa ubao, kisha akampa msichana kipande cha chaki.

"Upande ule ni wako. Mpaka kengele. Ni robo saa."

Ubao. Katika miezi yote ile sikuwahi kumpa mtoto yule chaki hata mara moja. Mimi mwenyewe sikuwa nimeshika chaki tangu nilipokuwa na miaka kumi na mitatu, na kwenye kitabu nilichonakili hakukuwa na ubao.

Msichana aliutazama ubao, kisha akauliza kwa adabu kama kuna chaki nyekundu. Ilikuwepo. Akaomba rula ya mbao ya mwalimu, ile ndefu. Akaipokea kwa mikono miwili. Akapiga mstari wa pembezoni kuanzia juu hadi chini, ulimi nje upande wa kushoto. Ukapinda kidogo. Akaufuta wote kwa kitambaa, akaupiga tena. Akaandika tarehe. Akaandika kichwa: Hesabu. Akakipigia mstari wa kwanza. Akarudi nyuma hatua mbili kuutazama, akaja akapiga wa pili.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilitaka kusema, acha hayo, jibu tu. Kinywa changu kilifunguka, nikaona mama direktrisi ameinua kidole kunizuia bila hata kunitazama. Kwa hiyo nilisimama nikaona yote niliyomfundisha yakifanyika mbele yangu, moja baada ya jingine, bila kosa, dakika zikienda.

Alianza fumbo la kwanza. Jibu sahihi. Tarakimu zilikuwa nzuri mno. La pili sahihi. Kwenye la tatu chaki ilikatika na kuacha nukta. Akafuta mstari mzima akauandika upya. Kengele ilipolia alikuwa amemaliza manne. Yote manne sahihi. Sita hakuyagusa.

Mama direktrisi aliangalia ubao. Ulikuwa, naapa, ubao mzuri kuliko mbao zote nilizowahi kuziona.

"Nani amekufundisha?"

Msichana alinyoosha kidole mlangoni. Hakukuwa na shutuma kwenye kidole kile, kulikuwa na fahari, na hilo ndilo lililonimaliza. Niliingia ndani nikasikia sauti yangu inasema, haraka haraka, kwamba mimi sina diploma, niliandika uongo, niliishia mwaka wa pili wa sekondari, kosa si la mtoto, mtoto anaweza, ampe siku nyingine, Lundi moja tu.

"Mie nimekuuliza diploma?" akasema mama direktrisi. "Nusu ya walimu wangu banaandika kama kuku amepita. Tuliza roho." Akachukua kitambaa, akafuta upande wote wa msichana, pembezoni, tarehe, mistari miwili, kila kitu. Mimi niliumia kuliko msichana. "Weka chaki chini, mutoto. Ile ya tano, jibu kwa mudomo. Usiandike kitu."

Akajibu.

"Ya sita."

Akajibu kabla mama hajamaliza kusoma. Ya saba akafikiri kidogo, akitazama dari. Akajibu. Ya nane alikosea. Ya tisa akajibu, halafu akasema, "Na ya nane nimekosea, ni sabini na mbili," nayo ikawa sawa, na ya kumi pia. Miguu yake ilikuwa inachezacheza chini ya sketi kama mtu anayeruka kamba. Sikuwa nimewahi kumwona hivyo. Miezi yote mimi nilikuwa nikitazama mikono yake.

Mama direktrisi alimpa mwaka wa nne, kwa majaribio hadi mitihani ya mwisho. "Akishindwa mitihani, anarudia. Haifi mutu kwa kurudia," akasema.

Nikamwambia, "Mama, kama tungepata wiki moja, angeingia bila majaribio. Naweza kumwandaa kwa ubao. Sasa najua—"

"Yaya," msichana akanikatiza. Hakuwahi kunikatiza. "Banki iko mule. Niache niikale."

Akaenda na mama direktrisi hadi darasa la pili kutoka mwisho. Nilisikia mlango, nikasikia watoto hamsini wanaitika salamu, nikasikia mmoja anauliza kwa sauti, "Huyu murefu ni mwalimu mupya?" na wote wanacheka, na yeye anacheka pamoja nao. Gari la mkaa lilipopita mwisho wa juma, bibi alimtumia shangazi debe la maharagwe na ujumbe kwamba atafute mlezi kwingine.

Sikutulia hata hivyo. Wiki iliyofuata nilimngoja getini, ati nimsindikize. Nilimwomba kaye yake mpya. Hakukuwa na mstari wa pembezoni. Tarehe ilikuwa imesahaulika siku mbili. Kulikuwa na doa lenye umbo la kidole gumba, na chini yake mwalimu ameandika kwa nyekundu: sita kwa kumi. Vidole vyangu vilishika pembe ya ukurasa. Nilijua sauti ambayo ungetoa ukichanika.

"Yaya," akasema, akinyoosha mkono, "hiyo ni ya mwalimu. Kesho ataiomba."

Nilimrudishia. Aliitia kwenye mfuko bila kuifunga kwa nailoni, akaniambia nisimngoje, anapita na wenzake kwa njia ya chini, akaondoka. Walikuwa watatu au wanne, wanaruka juu ya mawe meusi, wote wafupi kuliko yeye. Nilibaki getini na mikono isiyo na kazi, nikifikiria yale manne yaliyokosekana kwenye sita kwa kumi, ni yapi.